Kamba Mbili na Ubao Mmoja: Historia ya Mkuku Unaopanda na Kushuka

Wasomaji wangu, leo tuziweke tarakilishi kando kidogo. Nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na sababu ni kamba. Si nene: unene wake ni milimita 5, urefu hauzidi mita 4, na kazi yake ni kuvuta ubao juu na chini ndani ya boti ndogo ya tanga. Ukiiona dukani utadhani ni ya kuanikia nguo. Lakini nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka 200 inayopitia Boston, Australia na Tanga, na kwa sasa imefika katika ua wa nyumba moja hapa Eldoret, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mji unaojua mahindi, ngano na mbio ndefu, na ambao mambo ya mkuku hauna habari nayo.

Ndiyo, mkuku. Kwa wenzangu wa bara: mkuku ni ule uti wa mgongo wa chombo, gogo refu la chini kabisa linalotoka omo hadi tezi. Upepo ukivuma kutoka nyuma, hata sinia lenye tanga litasonga mbele. Taabu inaanza upepo unapotoka ubavuni, au mbaya zaidi, unapotoka kule unakotaka kwenda. Hapo chombo husukumwa kando kama karatasi kwenye dimbwi. Kinachozuia hilo ni kitu kirefu kilichozama majini, ambacho maji hayakiruhusu kwenda upande. Mkuku ukizama zaidi, chombo kinashika njia vizuri zaidi. Lakini mkuku ukizama zaidi hutafika ufukweni, utapanda mwamba, na maji yakitoka utalala ubavu. Unataka mkuku mrefu na pia hutaki mkuku mrefu. Kila watu walioishi na maji walilipatia tatizo hili jibu lao.

Pwani yetu ilikuwa na majibu kadhaa. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, kwa hiyo uliweza kukaa mchangani na kupindapinda bila kupasuka. Ngalawa ina matengo mawili ya kuishika isipinduke, na tumbo lake jembamba linakata maji. Jahazi lina mkuku wa kudumu, na maji yakikupwa mabaharia wanatia magadi ubavuni lisimame wima hadi maji yajae tena. Kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, kulikuwepo, ila ni kazi ya kuchosha kwenye chombo chenye foromali ndefu. Wafanyabiashara walikuwa na njia rahisi zaidi: walisubiri. Kaskazi iliwaleta kutoka Arabuni na India, kusi ikawarudisha. Mimi kama mtu wa programu nalipenda sana jibu hili. Chombo hakikuguswa, ratiba ndiyo iliyobadilishwa.

Jibu jingine lilikuwa Amerika ya Kusini, na nadhani ndilo la zamani kuliko yote ya aina hii. Wenyeji wa pwani ya Ecuador na Peru walisafiri kwa maboya ya magogo ya balsa, na katikati ya magogo walichomeka mbao ndefu zinazoitwa guara. Ubao wa mbele ukizamishwa, boya linaelekea upande mmoja. Ukizamishwa wa nyuma, linaelekea upande mwingine. Wahispania Jorge Juan na Antonio de Ulloa walilieleza jambo hilo katika kitabu mwaka 1748. Kichekesho ni kwamba Thor Heyerdahl alipovuka Pasifiki na Kon-Tiki mwaka 1947 alikuwa na mbao hizohizo lakini hakuelewa namna ya kuzitumia. Ilibidi arudi Ecuador mwaka 1953 na kufanya majaribio ndipo ikaonekana kwamba boya la magogo linaweza hata kubisha. Mwongozo wa matumizi ulikuwa umechapishwa miaka 205 kabla!

Sasa twende Boston. Mwaka 1774 afisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye John Schank alikuwa huko, na Lord Percy, aliyekuwapo na jeshi la nchi kavu, alikuwa na maoni kwamba boti zikiundwa bapa zaidi zingeenda kasi na kupita kwenye maji mafupi. Schank alikubali kwa sharti: boti bapa itahitaji mkuku unaoweza kushushwa. Akamuundia boti yenye mwanya katikati, na ubao ukishuka wima kupitia mwanyani kama droo. Serikali ya Uingereza ilichukua miaka mingi kuamini, lakini miaka ya 1790 ikaunda vyombo kadhaa vya namna hiyo, na maarufu kati yao ni Lady Nelson, chombo cha tani 60 chenye mikuku mitatu ya kushushwa.

Lady Nelson iliondoka Uingereza mwaka 1800 chini ya Luteni James Grant kwenda kuchunguza pwani ya Australia. Mabaharia walioiona ikiwa imebeba shehena yake yote waliicheka, maana ilikaa chini sana majini. Ilifika Sydney Desemba mwaka huohuo, na ilikuwa ya kwanza kupita mlango bahari wa Bass kutoka magharibi. Kwenye maji mafupi iliinua mikuku na kupita mahali ambapo meli nyingine zingekwama. Lakini droo ina ubaya wake. Ubao unaoshuka wima ukigonga mwamba hauna pa kwenda: unavunjika, au unapasua sanduku lake, au unakwama hapo hapo. Mwaka 1802 Matthew Flinders alikuwa na Lady Nelson kama chombo cha msaada kwenye pwani ya mashariki ya Australia, karibu na miamba ya matumbawe. Kufikia Oktoba ilikuwa imeharibikiwa mikuku kiasi kwamba haikuweza kwenda sambamba na meli yake, akairudisha Sydney.

Dawa ilipatikana Marekani, na ilikuwa boliti moja. Mwaka 1811 watu wa ukoo wa Swain wa Cape May, New Jersey, walipewa hataza ya ubao usioshuka wima bali unaozunguka kwenye boliti iliyo kona ya mbele, kama kisu cha kukunja. Ubao ukigonga kitu unarudi nyuma na juu ndani ya sanduku lake, chombo kinapita, halafu unaushusha tena. Wenzangu waandishi wa programu watanielewa nikisema kwamba Schank aliandika programu inayozimika ikipewa ingizo baya, na akina Swain wakaandika ile inayoendelea. Ubao huu ndio unaoitwa sentabodi, na nitatumia jina hilo, maana Kiswahili cha pwani hakikuwahi kuhitaji neno lake.

Wamarekani waliupenda kupita kiasi. Maghuba yao ni mafupi, kwa hiyo hata matajiri walijenga boti kubwa za starehe, pana na bapa, zenye sentabodi. Waingereza waliamini mkuku mzito wa kudumu, na pande hizo mbili zilibishana miaka mingi kwa hasira ileile ya watu wa vi na watu wa Emacs. Tarehe 20 Julai 1876 boti iitwayo Mohawk ilipinduliwa na dhoruba fupi karibu na Staten Island, New York, ikiwa imetandaza matanga bado haijang'oa nanga. Mwenyewe, William Garner, na mkewe walikufa. Ubishi haukuisha siku hiyo, ila kila mtu alijifunza jambo moja: sentabodi inazuia kwenda upande, haizuii kupinduka. Ubao ni mwepesi. Si farumi.

Kwenye boti ndogo lakini hakukuwa na ubishi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, plywood na gundi isiyoogopa maji vilifanya boti iweze kuundwa na mtu wa kawaida nyumbani kwake. Mwingereza Jack Holt alichora michoro mingi ya namna hiyo, na mwaka 1956 akatoa Enterprise, boti ya watu wawili yenye urefu wa mita 4 na kidogo, sentabodi ya mbao, na matanga ya buluu. Boti za kizazi hicho zilisambaa kila palipokuwa na Waingereza na maji. Kenya zilikuwa Mombasa, Naivasha, Kisumu, na hata kwenye bwawa la Nairobi, lile lililo kando ya Kibera. (Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia watu waliendesha matanga pale. Maji taka na magugu yalilimaliza lile bwawa.) Zilikuwa burudani za walowezi, tusidanganyane. Mkenya wa kawaida aliziona kwa mbali, au aliajiriwa kuzipaka rangi.

Moja ya boti hizo, Enterprise ya miaka ya 1960, iko kwa jirani yangu hapa Eldoret, mwalimu mstaafu. Aliinunua Kisumu kwa bei ambayo hataki mkewe aijue, na huibeba kwa trela hadi ziwani kupitia Kapsabet, kilomita mia moja na ushee, likizo za shule zinapofika na wajukuu wapo. Mimi niliitwa kuangalia kamba.

Mfumo wenyewe una kamba mbili. Ya kwanza inavuta ubao juu, ya pili inauvuta chini. Mtu atauliza: kwa nini uvutwe chini, si utashuka wenyewe? Bamba la chuma litashuka. Ubao wa mti unaelea, kwa hiyo majini hutaka kupanda wakati wote. Kamba ya kupandisha ilikuwapo, imechakaa. Ya kushusha haikuwapo kabisa. Mwenye boti wa zamani, ambaye simjui na simlaumu, alikuwa amekata kipande cha patapata na kukishindilia kati ya ubao na sanduku ili ubao ushikwe kwa msuguano. Ni suluhisho la muda lililodumu miaka. Kila mtu aliyewahi kurithi msimbo wa mtu mwingine ameshakutana na hiyo patapata.

"Mwalimu," nilimuuliza, "hii imekuwa ikifanya kazi kweli?"

"Inafanya kazi, kijana, mpaka boti ipinduke."

Hapo ndipo alinisimulia. Alikuwa ghuba ya Winam na mwanawe, upepo ukabadilika ghafla, wakapinduka hadi mlingoti ukaelekea chini. Boti ndogo ikigeuka hivyo, njia ya kuirudisha ni kupanda juu ya tumbo lake, kushika ubao uliosimama kama pezi la samaki, na kuuegemea kwa uzito wa mwili. Ubao ni nyenzo yako. Lakini boti ikiwa juu chini, ubao sasa uko hewani, hauelei tena, na uzito wake unauvuta kurudi ndani ya sanduku. Kwa Mwalimu patapata ililegea, ubao ukazama sandukuni, na wao wakabaki juu ya tumbo laini la boti bila kitu cha kushika. Wavuvi waliwaona baada ya karibu saa nzima.

Ziwa Victoria si mahali pa kubahatisha. Makadirio yanayonukuliwa zaidi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa humo kila mwaka, wengi wakiwa wavuvi, na dhoruba za ghafla ni moja ya sababu kubwa. Kwa hiyo ile kamba ya kushusha, ambayo mwenye boti wa zamani aliona haina kazi, ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Sasa kamba ya nini? Hapa historia inakuja kwetu. Zamani boti kama hizi zilifungwa kamba za manila, zitokazo Ufilipino, au za katani. Na katani ni habari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, mingi ikafa njiani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalitokea mashamba ya Tanganyika, ambayo kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 yaliongoza dunia kwa katani. Kenya nayo ilipanda Thika, Taita, pwani, na huku kwetu Bonde la Ufa kuna mashamba ya mkonge Mogotio. Kisha plastiki ikaja. Nailoni ilipatikana mwaka 1935, polyesta mwaka 1941, polipropilini miaka ya 1950, na katani ikasukumwa nje ya bandari zote za dunia. Mashamba mengi yalikufa. Unaweza kusema kwamba uti wa mgongo wa Tanga ulivunjwa na maabara za Delaware na Manchester.

Kwa sentabodi plastiki ilistahili kushinda, hilo halina ubishi. Katani huvimba ikilowa na kukwama kwenye kapi, na ndani ya sanduku lenye unyevu inaoza bila mtu kuona. Nailoni haiozi lakini inavutika: unafunga ubao chini, baada ya dakika kumi umepanda. Polyesta inavutika kidogo tu, ndiyo niliyoichagua. Siku hizi kuna Dyneema, nyuzi kutoka Uholanzi zenye nguvu za kushangaza, lakini zinateleza kwenye mafundo na bei yake haifai boti ya mstaafu.

Kupitisha kamba ya kupandisha kulikuwa rahisi. Usiitoe ile ya zamani kwanza! Shona ncha ya kamba mpya na ncha ya kamba kuukuu, ncha kwa ncha bila fundo, halafu vuta. Ya zamani itaiongoza mpya hadi mwisho. Ya kushusha haikuwa na wa kuiongoza, kwa hiyo nilitumia waya wa breki ya baiskeli, ambao Eldoret hauwezi kukosekana. Niliongeza kapi moja linalosogea, basi nguvu inayohitajika ikawa nusu na urefu wa kuvuta ukawa mara mbili. Mwalimu alitaka makapi manne. Nilikataa, maana kila kapi hula sehemu ya nguvu kwa msuguano, na nafasi yenyewe ni ya kuingiza mkono mmoja.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Ukiifunga kamba ya kushusha imara, umefuta kazi yote ya akina Swain. Ubao uliofungwa chini ukigonga mwamba hauwezi kurudi nyuma, na umerudi kwa Schank na Lady Nelson. Na ghuba ya Winam ni fupi, wastani wa kina chake ni kama mita 6, ina miamba, ina nyavu, na ina gugumaji, lililofunika zaidi ya hekta 17,000 upande wa Kenya mwaka 1998 na bado hurudi kila baada ya muda. Kwa hiyo kamba inatakiwa ishike boti ikipinduka na iachie boti ikigonga. Amri mbili zinazopingana, kamba moja.

Nilikaa na karatasi. Ubao una kilo 5. Katikati ya uzito wake ni sentimita 50 kutoka kwenye boliti, na kamba imefungwa sentimita 20 kutoka hapo. Katika hali mbaya kabisa, kuuzuia usirudi sandukuni kunahitaji kilo 12 na nusu kwenye kamba. Boti na watu wawili ni zaidi ya kilo 200. Zikigonga jiwe kwa mwendo wa mtu anayekimbia, nguvu ni mara nyingi zaidi ya hiyo. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo kubwa, na penye pengo unaweza kuweka fyuzi. Kuna vibano vya kisasa vinavyojiachia vyenyewe, ila vinaagizwa ng'ambo. Mimi nilikata polyesta karibu na ubao na kuunganisha ncha zake kwa uzi mmoja mwembamba niliofumua kutoka kwenye kamba ya katani, ile ya kufungia magunia sokoni.

Nilipima kwa jerikeni. Lita 20 zilining'inia kwenye uzi usiku kucha. Nilipoongeza jerikeni ya pili uzi ulikatika hapo hapo. Nikarudia na uzi uliolowa siku mbili, matokeo yakawa yaleyale. Kuoza kwa katani, ambako kuliifukuza baharini, hapa si tatizo kubwa: uzi unabadilishwa kila boti inapokwenda ziwani, na gunia moja lina nyuzi za kutosha miaka mingi. Mwalimu amejaza kopo zima na kuliweka chini ya kiti.

Tulipoifikisha Dunga, Kisumu, fundi mmoja wa mashua aliinama akachungulia ndani ya sanduku kwa muda mrefu. Mashua anazounda yeye zina mkuku mfupi wa kudumu, na upepo ukikataa watu hupiga makasia, mila ambayo hapa ziwani ilichanganyika na ufundi wa majahazi uliofika na wafanyabiashara wa pwani miaka ya 1870.

"Sasa ndugu yangu," akasema, "umetoboa shimo katikati ya boti kwa makusudi?"

Nikamweleza habari za kubisha, ubao, boliti. Alikubali yote isipokuwa boliti, akiishika kwa vidole viwili na kuitikisa. Ilikuwa inacheza, na maji yalikuwa yameanza kuingia kidogo kidogo kwenye ngama. Alinipa pamba na nta, akanionyesha namna ya kuikalafati kutoka ndani bila kuing'oa, na imeshika hadi leo, ingawa washa wa boliti za upana huo bado nautafuta mjini.